Tembe za Baba na Mbuzi wa Doldol

Nilipoanza kazi katika duka la dawa mjini Nyeri, karibu kila mtu aliyeletwa akiwa na mikono inayotetemeka aliandikiwa dawa ileile. Ilikuwa tembe ndogo nyeupe iitwayo benzheksoli, tuliyoiweka kwenye rafu ya nyuma ndani ya kopo kubwa la plastiki. Madaktari walimwandikia mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, wakamwandikia kijana aliyekakamaa shingo kwa sababu ya dawa za akili, na mara nyingine wakamwandikia mtu ambaye hakuna aliyejua anatetemeka kwa nini. Wapo iliowasaidia. Lakini wazee wengi iliwakausha mdomo, ikawafunga choo na kuwavuruga kichwa. Namkumbuka mama mmoja mkulima, mtu wa heshima zake, aliyekaa kwenye benchi letu akisubiri dawa yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mvua itaacha kunyesha humu dukani. Nje kulikuwa na jua kali. Binti yake alinitazama, nami nikamtazama, tukamwambia mama kwamba itaacha.

Miaka ikaenda na karatasi za madaktari zikabadilika. Ikaja levodopa, kwanza kwa wagonjwa waliokuwa wameonwa Nairobi, halafu hata kwa wale wa hapa kwetu. Niliwaeleza watu hivi: ndani ya ubongo kuna kemikali inayousaidia mwili kuanza kusogea, na mwenye ugonjwa huu hiyo kemikali humpungukia polepole. Levodopa ikifika ubongoni hugeuka kuwa kemikali ile iliyopungua. Nilimwona mzee aliyeingia dukani akiwa ameshikwa mikono na wanawe wawili, na baada ya wiki chache akarudi peke yake, akalalamika kwamba benchi letu ni gumu.

Halafu ukaja wakati ambapo madaktari, hasa wale vijana waliotoka masomoni, walianza kuiogopa levodopa. Walisema nguvu yake ina mwisho. Ukimwanzishia mgonjwa mapema, walisema, baada ya miaka mwili utaanza kujipinda wenyewe bila yeye kutaka. Kwa hiyo waliiweka akiba, wakaanza na tembe za aina nyingine zinazoiga ile kemikali ya ubongo. Mimi nilikuwa upande huu wa kaunta, nikiyaona hayo karatasi baada ya karatasi. Mtu anayeuza dawa huona mitindo ya madaktari kama vile mshonaji anavyoona mitindo ya kola na mikono ya nguo. Haamui yeye, lakini hujua ni kipi kinachotafutwa mwaka huu.

Baba yangu aliugua wakati wa mtindo huo.

Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa cherehani Karatina. Hakuwa mshonaji, alikuwa mtu wa kuzitengeneza mashine zenyewe, na washonaji wote waliozunguka soko lile walimjua. Alizeeka akarudi kwenye shamba letu karibu na Chaka, akalima vitunguu na viazi pamoja na mama. Alikuwa mtu wa kutunza. Ndoo ikipasuka aliiziba kwa kuyeyusha kipande cha ndoo nyingine. Alipotaka kununua ng'ombe aliyetupa maziwa utoto wetu wote, alienda kumwangalia mara nyingi sana, akimshika miguu na kumtazama meno, mpaka mwenye ng'ombe akamuuliza kama anamnunua au anamposa. Hadithi hiyo bado wanaisimulia kanisani kwetu.

Mimi ni binti yake wa kwanza, kwa hiyo, kwa desturi yetu Wakikuyu, nilipewa jina la mama yake mzazi, na tangu nijitambue yeye huniita mama.

Aliyeuona ugonjwa kwanza hakuwa mimi, ingawa ndiye niliyekuwa na masomo. Alikuwa mama. Alinipigia simu jioni moja akasema, "Baba yako anatembea kama amebeba kitu kwapani." Nilipoenda Jumapili nikamwona akitoka kwenye lango, mkono wa kulia ukibembea vizuri na wa kushoto umegandamana na mwili. Uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi. Nikamwambia aniandikie jina na namba ya fundi fulani, na herufi zake zilianza kubwa zikaishia kuwa ndogo kama punje za mtama. Nilijua. Nilikunywa chai yangu, nikaongea mambo ya mvua na viazi, na nilipofika kwangu nikaketi kitandani na viatu miguuni.

Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke kijana, bingwa wa mishipa ya fahamu, aliyekuja Nyeri kutoka Nairobi siku chache kila mwezi. Alikuwa na subira. Alimwagiza baba agonganishe vidole, ainuke kutoka kitini bila kujishika, atembee mpaka dirishani na kurudi. Kisha akakaa karibu naye, si nyuma ya meza, akamweleza ugonjwa wake. Akamwandikia moja ya zile tembe mpya, pramipeksoli, akasema wataanza na kidogo na kupanda taratibu.

"Iko na mambo yake," alisema. "Inaweza kukuletea usingizi mchana. Miguu inaweza kuvimba. Na wachache hushikwa na hamu wasizoweza kuzizuia. Mtu anaanza kamari, anakula ovyo, ananunua vitu ovyo. Mkiona hivyo mniambie."

Baba akacheka. "Daktari, mimi hata soda sinunui bila sababu."

Mama naye akacheka, na mimi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Dawa ilifanya kazi. Ndani ya miezi michache mkono wake wa kushoto ulirudi kubembea na uso ukapata uhai. Alianza tena kwenda Chaka kwa miguu kununua gazeti na kubishana na wazee wenzake kuhusu siasa. Jirani alipoharibikiwa na cherehani, baba aliifungua yote mezani, akaipaka mafuta, akairudisha inaenda bila kelele. Mama alinipigia simu kuniambia hilo tu. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto. Daktari naye alifurahi, akaongeza dozi kidogo.

Mbuzi wa kwanza alikuja muda si mrefu baada ya hapo. Alikuwa beberu mweupe mwenye kichwa cha kahawia, mzuri kweli, na baba alikuwa amemtoa Doldol, kule Laikipia, kwenye soko la mifugo. Alisema dereva mmoja wa lori alimweleza kwamba mbuzi wa kule wana afya, wamezoea ukame. Kwetu Kieni mvua ni ya kubahatisha, na mtu aliyestaafu akianza kufuga mbuzi husifiwa. Watu wa kanisa walikuja kumwangalia yule beberu, wakasema mzee amefufuka.

Kisha wakaja wengine. Baba alizoea kuondoka asubuhi, akapitia Nanyuki, akafika Doldol soko likiwa limechangamka. Alirudi jioni amekaa mbele ya lori, mbuzi nyuma wakilia, naye akicheka. Alipanua zizi. Alinifundisha kwa simu tofauti za mbuzi, huku wateja wakinisubiri kwenye kaunta, na mimi nilimsikiliza kwa furaha kwa sababu sauti yake, ambayo ugonjwa ulikuwa umeishusha, ilikuwa imepanda tena. Angekuwa anacheza kamari ningestuka mara moja. Mbuzi hawakunistua. Nani Kieni atamwona mzee ananunua mbuzi aseme huyo ni mgonjwa?

Mama alikuwa wa kwanza kunyamaza. Nilipouliza habari za nyumbani alijibu, "Tuko tu." Siku moja akasema vitunguu vimeng'olewa kabla ya kukomaa kwa sababu baba alitaka nafasi ya zizi. Siku nyingine akasema kuna punda.

"Punda wa nini?"

"Mimi najua? Amefungwa hapa. Ananiangalia."

Tulicheka wote wawili, lakini mama aliacha kucheka kabla yangu. Kisha akasema, "Ameuza ile cherehani yake ya mkono."

Hiyo ilikuwa mashine aliyojifunzia kazi akiwa kijana. Haikuwa inatumika. Ilikaa sebuleni chini ya kitambaa kilichofumwa na mama, na sisi watoto tulikatazwa hata kuegemea meza yake. Nilimuuliza baba kwa simu. Akasema kwa haraka kwamba vitu vya kukaa bila kazi ni mzigo, akahamia kwenye habari za mbuzi mwenye mimba.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani asubuhi, simu yangu ikaita namba nisiyoijua.

"Dada, wewe ndiye msichana wa ule mzee wa Chaka?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili chake ni cha watu wa mifugo wa kule juu.

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Usiogope, ako sawa. Ameketi hapa kwa kivuli ya duka, anakunywa chai. Siku moja simu yake iliisha moto akapiga yako na yangu, ndio nikaweka namba. Mimi ndiye namuuziaga mbuzi hapa Doldol."

Nikamwambia asante kwa kumwangalia.

"Ngoja," akasema. "Leo nimekataa kumuuzia. Amekasirika na mimi, lakini nimekataa." Nikasikia mbuzi na watu wakibishana bei nyuma yake. "Huyu mzee akikuja mara ya kwanza alinisumbua sana. Aliangalia meno, akashika mgongo, akakataa bei, akaenda, akarudi. Nikasema huyu ni mtu anajua mnyama. Saa hii haangalii. Ananunua tu. Leo ameshika mbuzi mgonjwa. Mimi mwenyewe nikamwambia, mzee, hii ni mgonjwa, hii usichukue. Akasema sawa, lete tu. Dada, mtu wa mbuzi hawezi fanya hivyo. Kuna kitu inamfukuza. Sasa nikichukua pesa yake, hiyo si biashara, hiyo ni kumkula."

Nilikuwa nimeshika boksi la dawa mkono mwingine. Nililiweka chini. Maneno ya daktari yalinirudia yote, moja baada ya jingine, kwa sauti yake ileile ya upole. Nilimwomba yule mwanamume amweke baba kwenye gari la kurudi Nanyuki na aniambie likiondoka. Alifanya hivyo, na akanipigia tena jioni kuhakikisha amefika.

Nilimpata daktari kwa simu mchana huo, nikamweleza yote.

"Umesema mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi. Na punda mmoja."

"Sikufikiria mbuzi," alisema. "Nilikuwa nafikiria simu na kamari." Kisha akaniambia kitu muhimu: nisimwachishe tembe ghafla, maana mwili unaweza kuanguka vibaya. Nimlete wiki hiyo.

Nilienda Chaka kesho yake. Nilimkuta baba kwenye zizi, ameegemea mti wa lango, na nyuma yake mbuzi wengi kuliko nilivyokuwa nimefikiria. Walikuwa wamekula ua wa mama mpaka mizizi. Tuliongea Kikuyu, kama tunavyoongea siku zote, lakini kwa adabu zaidi, kama wageni.

"Ni yule mtu wa Doldol amekupigia," alisema.

"Ndiye, baba."

"Hakuwa na haki."

"Alikuogopea."

Nikamweleza kuhusu tembe, polepole, kama ninavyowaeleza watu dukani, lakini sauti yangu haikukubali kuwa ya dukani. Nilimwambia kwamba kemikali ile inayousaidia mwili kusogea ndiyo hiyohiyo inayomfanya mtu atamani kitu na afurahi akikipata. Dawa inapoiga kazi yake, wakati mwingine inagusa miguu na mikono, na pia inagusa matamanio.

"Kwa hiyo furaha yangu ni tembe?"

"Si yote, baba."

"Mama, utajuaje ipi ni yangu na ipi ni ya tembe?"

Nimesoma vitabu vingi vya dawa na sikumbuki ukurasa wenye jibu la swali hilo. Mama alikuja na chai, akatupa kila mmoja kikombe chake, akasimama na sisi. Labda ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akimgombeza kwamba baba alianza kusema mwenyewe.

"Nikiwa hapa nyumbani nasikia lile soko," alisema. "Nikikaa kanisani nawaza mbuzi ambao hawajanunuliwa. Nikinunua mmoja natulia. Natulia kabisa, kama mtu aliyekunywa maji. Halafu kabla hatujafika Nanyuki inaanza tena."

"Mbona hukutuambia?" mama akamuuliza.

"Ningesema nini? Ati nina ugonjwa wa kununua mbuzi? Kila mtu alikuwa ananisifu. Hata mchungaji." Akatazama kikombe. "Ile mashine niliiuza nikiwa naiona mikono yangu inaifunga kamba. Nilikuwa natazama tu."

Mama alimshika mkono. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifanya hivyo hadharani, nikageukia mbuzi.

Kliniki, daktari alimwambia baba kabla hata hajaketi vizuri, "Hii ni dawa, mzee. Si tabia yako." Mabega ya baba yalishuka. Daktari akaeleza mpango. Watapunguza zile tembe hatua kwa hatua mpaka ziishe, na wakati huohuo watamwanzishia levodopa, kidogo kidogo.

"Si mlisema hiyo ni ya kuweka akiba?" baba akauliza.

Daktari akatabasamu kwa aibu kidogo. Alisema fikira zimekuwa zikibadilika. Wakubwa wake wa kazi sasa wanasema hakuna faida ya kumnyima mtu wa umri wa baba dawa inayomfaa zaidi ili tu kuihifadhi. Kujipinda kwa mwili hutegemea sana ugonjwa umekaa muda gani, si lini mtu alianza tembe peke yake. Wagonjwa wengi wazee anaowaona sasa anawaanzishia levodopa moja kwa moja.

"Kwa hiyo wakati wangu mtindo ulikuwa ule mwingine."

"Ulikuwa ule."

"Kama suruali."

"Kama suruali, mzee," daktari akasema, na baba akacheka kicheko kifupi, cha kwanza siku hiyo.

Wiki zilizofuata hazikuwa na kicheko. Nilikuwa nimesoma kwamba kuachana na tembe za aina ile kunaweza kumletea mtu huzuni na wasiwasi, lakini kusoma ni jambo moja na kumwona baba yako ameketi mlangoni na blanketi mchana wa jua ni lingine. Alitoa jasho. Hakutaka gazeti. Radio ilipotangaza vifo vya watu asiowajua alilia. Aliniambia siku moja kwamba dunia imekuwa kama chai isiyo na majani. Mama alihamishia kazi zake zote pale alipokuwa baba. Akimenya viazi alimenya karibu naye, akichambua maharagwe aliyachambulia hapo mlangoni. Hakumwambia ajikaze. Alimwambia tu habari za kila kitu alichokuwa anafanya, mpaka baba akaanza kumjibu.

Levodopa nayo ilikuwa na ubishi wake. Mwanzoni ilimletea kichefuchefu. Halafu tukagundua kwamba asubuhi nyingine inafanya kazi na nyingine haifanyi, na mama alikuwa karibu kukata tamaa. Nikamuuliza mama, baba anaimeza na nini. Na chai ya maziwa, akasema, na yai, au na mahindi na maharagwe ya githeri iliyobaki. Vyakula vya protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Tukabadilisha: tembe na maji kwanza, chakula baadaye kidogo, na nyama tukaisogeza jioni. Kwa mtu wa Chaka, ambako moshi wa mbuzi wa kuchoma hausimami wikendi, hiyo ilikuwa sheria ngumu. Lakini aliifuata, na asubuhi zikaanza kufanana. Mguu wake ukawa mwepesi. Uso ukarudi. Safari hii haukurudi na ile haraka machoni.

Lilibaki suala la mbuzi. Nilimpigia yule mwanamume wa Doldol kumwomba ushauri wa kuwauza, naye akaja mwenyewe na lori, amevaa koti zito kwa baridi ya kwetu. Alimsalimia baba kwa heshima, wakashikana mikono kwa muda mrefu bila kutajana lolote la siku ile. Kisha akasema, "Mzee, chagua wale unataka kubaki nao. Wengine nitakuuzia pole pole, kila mmoja bei yake."

Baba akaingia zizini. Alianza na wa karibu. Akamfungua mdomo, akatazama meno, akapitisha kiganja mgongoni, akamsukuma kando. Akamshika wa pili, akamtazama, akamwacha, akamrudia. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa zizi hadi mwingine. Mama alileta chai ikapoa. Dereva wa lori alikuwa anaangalia saa, lakini yule mwanamume alimzuia kwa mkono asiseme neno. Akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Sasa huyu ndiye ule wa kwanza."

Waliobaki ni wachache, majike wenye afya. Punda aliondoka pia, na mama alimsindikiza mpaka langoni kwa moyo mweupe. Ile cherehani hatukuipata tena. Aliyeinunua alikuwa ameipeleka Isiolo kwa shemeji yake, na tulipofikiria kumfuata, baba alisema tumwache, huenda huko inashona.

Siku hizi kazini naona karatasi za aina nyingine tena. Levodopa imerudi kuwa ya kwanza kwa wazee wengi, na benzheksoli huandikwa mara chache, na ikiandikwa kwa mtu mwenye mvi huwa nampigia daktari kwa upole kuuliza kama hakuna njia nyingine. Zile tembe za baba bado zinaandikwa, hasa kwa watu wa umri mdogo, na wengi wanakaa nazo vizuri kwa miaka. Sizichukii. Ila nikizitoa, simuulizi mgonjwa kama ananunua ovyo au anacheza kamari, kwa sababu kila mtu ana jibu la haraka kwa maswali hayo. Nimekuwa nikimuuliza mtu anayeishi naye: ni jambo gani anafanya sasa ambalo hakuwa analifanya, hata kama ni jambo zuri? Mwezi mmoja mke wa mtu kutoka upande wa Embu alifikiri kidogo, akasema mume wake ameanza kufagia kiwanja, anafagia mpaka kwa majirani. Alisema hivyo akitabasamu kwa fahari. Nikamwomba alitaje hilo kliniki.

Shida ya levodopa ni kwamba inapotea sokoni wakati mwingine. Maboksi yanachelewa, na mimi nalazimika kupiga simu Nanyuki, Karatina na Meru kutafuta wenzangu walio na akiba. Nimejifunza ni mgonjwa gani anaweza kungoja mpaka kesho na ni yupi hawezi.

Baba sasa ni mzee zaidi, na ugonjwa umesonga pia. Sauti yake imeshuka, na kuna dakika kabla ya dozi inayofuata ambapo miguu hugoma, hasa milangoni. Kliniki ya mwisho daktari alimweleza kwamba kuna njia mbili za kuziba dakika hizo. Ya kwanza ni kuongeza kidogo dawa ya aina ile iliyomnunulisha mbuzi, chini ya macho ya mama na yangu. Ya pili ni kuigawa levodopa katika dozi ndogo zinazokaribiana zaidi.

Nilifungua mdomo nijibu. Baba akaniwekea mkono gotini.

"Ile ya kwanza ilinipa miguu mizuri," alimwambia daktari. "Siikatai kwa sababu ni mbaya. Naikataa kwa sababu nilipokuwa nayo sikuweza kujiuliza kitu nikangoja jibu. Gawa hii."

Daktari akaandika. Akamuuliza kama ana swali lingine, naye akauliza kama ataweza kuendelea kusoma neno kanisani kwa sauti hii. Daktari akamwonyesha namna ya kuvuta pumzi na kusema kwa nguvu kama anaita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Baba akaita. Watu waliokuwa wakingoja nje wakacheka, na muuguzi akafungua mlango kuangalia.

Tulitoka wakati wa dozi yake ya mchana. Mama alimpa baba chupa ya maji, naye akaimeza tembe akiwa amesimama kwenye kibaraza, tukaketi wote watatu kwenye ukuta mfupi kuingoja ianze kufanya kazi kabla ya kushuka ngazi. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote na upepo ulikuwa na baridi ya mvua inayokuja. Mama alikuwa anasimulia habari za arusi ya binti wa jirani. Baba alikuwa anasikiliza, akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Baada ya muda akasimama bila kujishika.

"Twendeni," akasema, tukashuka.